Kibuyu Nilichokiosha

Mimi ni mchoraji wa vitu vilivyokwisha kazi. Nachora pasi za mkaa, redio za mbao na vinu vilivyopasuka, na ninavichora juu ya magunia ya zamani ya pamba. Hapa Bariadi wananiita fundi wa takataka. Waache waseme, mkono wangu unakwenda kinywani.

Ng'ombe wa mama, kule Lingeka, walikufa kwa ukame mmoja baada ya mwingine mpaka zizi likabaki tupu. Tangu hapo mama akasusa chakula. Dada yangu anayeishi naye aliniambia kuwa anakula siku zile tu anapofungua kibuyu chake cha kusukia maziwa, akaingiza pua, akavuta harufu. Hapo ndipo huomba ugali kidogo.

Mtu mwenye akili angekiacha kibuyu mahali pake. Mimi niliona picha. Nikamwomba mama anipe kwa siku mbili tu. Alikishika kwa mikono miwili kabla ya kuniachia.

"Ukirudishe, ng'wanone, mwanangu."

Nikaapa kwamba nitakirudisha.

Kilijaa masizi nje, na ndani kilinuka hadi harufu ikajaa chumba kizima. Nikakisugua kote kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Nilikulia kwenye maziwa, najua kibuyu hakioshwi kwa sabuni, kinafukizwa kwa kijinga cha moto. Lakini miaka ya mjini ilishanizoesha kuona kitu cha kale ni sura yake tu. Picha ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, na naona haya kuyasema haya.

Siku ya pili nilikirudisha kikiwa kinang'aa, nikitegemea kusifiwa. Mama aliketi mlangoni, akafungua kifuniko, akanusa. Akanusa tena. Mara ya tatu alifumba macho.

Dada alikinyakua, akakimbia nacho jikoni, akakifukiza haraka haraka, akamrudishia.

"Huu ni moshi tu," mama alisema.

Nilijichukia. Nilitaka anitukane, anipige, lakini hakunitazama. Alitazama zizini.

"Sasa wamekufa," akasema.

Ugali alioletewa ulipoa mbele yake. Dada akaufunika. Kesho yake asubuhi akawamwagia kuku.