Maua ya Nyota kwenye Barua ya Ugonjwa

Mie mkeka usio nakshi pembeni siuiti mkeka. Ndiyo maana siku ile pale Kibiti, kwa dada anayetuchapia barua za kompyuta, nilifurahi mpaka akanishangaa. Alinieleza kwamba barua zetu hizi hazichukui rangi wala picha, zinabeba herufi tu. Lakini kuna kidude humo ndani, ukikibonyeza kinapanga vinyota, vistari na mabano, linatoka ua. Nikamwambia kumbe ni kama kusuka mkeka kwa ukindu usiotiwa rangi, nakshi unaitoa kwa kuruka chane hii ukakamata ile.

Nilikuwa namwandikia binti yangu, anafanya kazi za ndani Uarabuni. Simu alinyang'anywa siku aliyofika. Barua anaisomea kwenye kompyuta ya nyumba, Ijumaa, tajiri wake kasimama nyuma. Basi mie kila nikija nachagua pambo. Leo samaki, siku nyingine birika. Binti akajibu kwamba yule mama tajiri wake Kiswahili hajui hata neno, ila mapambo anayangoja kuliko yeye, na wanawe huwaita waje wacheke.

Kisha bwana'ngu akaugua. Alivimba miguu, tumbo likafuata, tukamlaza hospitali ya Mchukwi. Alitaka kitu kimoja tu, amwone mwanawe. Nilipomuaga naenda kuandikisha barua ya kumwita, akanishika mkono.

"Mtilie maua mengi," akasema. "Asije akashtuka."

Tukamtilia. Waridi juu, waridi chini, pembeni nyota zimeshikana kama ukili wa mkeka. Katikati ndiyo maneno: baba mgonjwa, anakutaka, omba ruhusa uje.

Binti aliomba, analia. Tajiri akaisogelea kompyuta, akayaonyesha yale maua kwa kidole.

"Kwenu mna harusi wewe. Mgonjwa gani anaandikiwa hivi?"

Watoto wakacheka kama walivyozoea. Ruhusa hakupata. Akaniandikia, mama, rudia ile barua, usiweke kitu.

Mara ya pili dada wa kompyuta alichapa bila kukigusa kile kidude. Maneno yale yale, matupu, kama ukili uliokatwa kabla ya kushonwa mkeka. Tajiri alipoiona hakuuliza. Alikwenda mwenyewe kabatini kumtolea pasipoti yake.

Alifika alasiri. Baba yake tulimzika adhuhuri ya siku hiyo hiyo.

Mie nilishaingia eda, nimekaa chumbani nimejifunga kaniki yangu. Akaingia, akatoa karatasi kwenye mkoba. Ilikuwa ile barua ya kwanza, aliomba itolewe kwenye mashine. Akaikunjua mkekani, akapitisha kidole kwenye waridi.

"Mazuri lakini, mama."

Nikamwambia babako ndiye aliyeyataka mengi. Hapo nikashikwa na kicheko, mie mfiwa, wanawake waliokuja kutupa pole wakatazamana. Naye akacheka, begani kwangu.

Kisha akaniuliza babake alimuulizia lini mara ya mwisho. Nikamwambia asubuhi. Asubuhi hii hii.