Nimekwepa kipindi, nikakikuta kwenye vitunguu

Jamani, leo nimekwepa kipindi na kipindi kimenipata!

Mhadhiri wetu husoma slaidi tu, na slaidi ninazo. Nikabaki nyumbani Chumbageni, nikazima simu nisome.

Mama akachungulia. "Kumbe upo! Twende kwa jirani, kuna hitima."

Ukionekana nyumbani, basi huna kazi. Mnajua wenyewe.

Nikapewa kisu na vitunguu. Kando yangu mama mmoja kajifunga kanga, anakuna nazi.

Kugeuka, mhadhiri!

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ulipata ujumbe kwamba nimeahirisha kipindi?"

"Nilipata, mwalimu." (Simu imezimwa tangu asubuhi.)

Akanieleza mada nzima huku anakuna. Nimeelewa yote!

Wiki ijayo nahudhuria. Ila nani ana mbuzi ya nazi tumpelekee darasani?