Sura ya Mama Niliyoanza Kuisahau

Harufu ya krayoni haiishi upesi. Wiki jana nilifungua katoni iliyokuwa juu ya kabati la mama, nyumbani kwetu mtaa wa Jamhuri, nikitafuta michoro ya utotoni ya kuongeza kwenye maonyesho yangu ya mjini. Mwenye ukumbi alitaka watu waone nilikoanzia. Harufu ile iliponiingia puani nikawa tena mtoto wa darasa la pili.

Mwaka huo mama alilazwa hospitalini, akapasuliwa kichwa. Watoto hatukuruhusiwa wodini. Baba alipitia huko akitoka kazini. Senje, dada yake baba, alikuja kutoka Kakamega kunitunza.

"Mama atarudi lini?" nilimuuliza kila jioni.

"Atarudi. Kwanza maliza ugali."

Jibu hilo halikunituliza, basi nikaanza kumchora mama. Nilimvika gauni la maua, mkufu, na viatu virefu ambavyo hakuwahi kuwa navyo. Pembeni nikaweka jua, nyumba, hata kuku. Sikuacha mahali patupu kwenye karatasi. Niliona kama nikiacha nafasi, kitu kibaya kitapitia hapo.

Alasiri moja penseli ilinigandia mkononi. Mama alikuwa na alama nyeusi shavuni, nami sikukumbuka ni shavu lipi. Nililia hadi nikashikwa na kwikwi. Senje alidhani nimeumwa na nyuki. Nilipomweleza alicheka, akajigusa shavu moja, akajigusa la pili, kisha akarudi kwenye la kwanza. Hata yeye hakuwa na hakika! Usingizi wangu wa siku zile uliishia hapo.

Mama aliporudi, niliyemwona mlangoni ni mtu mwembamba, kitambaa kichwani, jicho moja limevimba. Nilijificha nyuma ya Senje.

"Huyu si mama," nikasema.

Baba alianza kunikemea, mama akamzuia kwa mkono. Alivuta stuli, akakaa, akafungua kitambaa. Nywele zilikuwa zimenyolewa zote.

"Kuja na karatasi yako," akaniambia. "Nichore vile niko."

Maua na jua sikuthubutu kuyaweka. Nilichora mviringo wa kichwa, mshono, macho mawili yasiyolingana, na alama ile, shavu la kushoto. Kila nilipoinua uso kumtazama, nilisogea karibu kidogo bila kujua. Nilipomaliza nilikuwa nimesimama katikati ya magoti yake.

Picha hiyo niliikuta chini kabisa ya katoni: mistari michache, karatasi nyeupe kote. Ndivyo ninavyochora mpaka leo. Miaka yote nimeamini kwamba mtindo huo niliupata chuoni, baada ya kuchoshwa na rangi, na kwa muda mrefu nimeogopa kwamba ni wa kuazima.

Nilimpelekea mama jikoni. Aliitazama huku akipangusa mikono.

"Siku hiyo kizunguzungu kilikuwa kinanimaliza," akasema. "Nilikuwa naona karibu nianguke."

"Kwa nini hukuniambia niache?"

"Ningekuambia aje, na ulikuwa umeanza kuniangalia?"

Nilikuwa nikidhani mama alitaka picha. Kumbe alitaka nimtazame mpaka nisimwogope tena, na kwa ajili hiyo alikaa wima kwenye stuli isiyo na pa kuegemea, hadi mimi mwenyewe nilipoweka penseli chini.