Nilivyotambulishwa ukweni Mwandoya kama "jiniasi", nikaambiwa nicheze ngoma ya chama chetu

Wakuu heshima yenu, wenye bando na wanaodoea wifi.

Hii siyo chai. Asiyeamini aje Bariadi, nimpeleke Mwandoya akaulize nyumba yoyote.

Nimeona humu mtu anauliza "jiniasi" maana yake nini hasa, na nani anaruhusiwa kujiita hivyo. Nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja kaondoka. Mkuu, hilo neno mimi nimelitolea jasho.

Iko hivi.

Nauza vifaa vya sola hapa mjini. Biashara ikilala nashika simu. Siku moja nikaangukia mtihani wa IQ online, nikafanya, nikaupasua. Wakaniingiza kwenye chama chao cha watu wenye akili nyingi. Kina group, kina admin, na memba wote wanaitana jiniasi. "Good morning jiniasi." "Hongera jiniasi."

Wakuu, nilivimba!

Status jiniasi, profile jiniasi. Mama ntilie wa jirani nikamwambia aharakishe, anamhudumia jiniasi. Akaniongezea ugali ili ninyamaze.

Sasa nilikuwa na mchumba, Minza, mtoto wa Mwandoya kule Meatu. Nampenda yule binti mpaka hapa ninapoandika nachekacheka. Ila baba yake alishawarudisha wachumba kabla yangu, na Minza aliniambia wazi: "Baba akisema hapana, mimi sitoroki na mtu. Ndo basi."

Siku ya kujitambulisha, mshenga wangu alikuwa baba mdogo Maduhu. Njiani nikamsisitiza akinisifia asisahau ujiniasi.

Tumefika, tukasalimia Kisukuma, "mwadila baba, mwadila mayu," tumekaa uani. Baba mdogo akamwaga sifa, akamalizia: "Na kijana wetu ni mtu wa chama. Aliingia kwa kupimwa. Wanaitwa majiniasi."

Mzee, baba yake Minza, aliyekuwa ameegemea kiti akakaa wima.

Hapa niwaweke sawa ndugu zangu wa Dar. Usukumani chama cha kupimwa ndo uingie siyo kitu kigeni. Wapo watu wa nyoka, wapo wawindaji wa nungunungu. Kila chama kina mafundisho yake, dawa zake na ngoma yake. Na baba mkwe, jambo ambalo Minza "alisahau" kunidokeza, ni mtu wa nyoka wa siku nyingi.

"Nani alikupima?" akauliza.

"Mashine, baba. Kwenye simu."

"Sawa. Na manju wenu nani?" Manju ndiye kiongozi wa ngoma.

"Tuna... admin."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hapa kwangu mtu wa chama hajitambulishi kwa mdomo. Simama, ucheze ngoma ya majiniasi."

Nikadhani utani. Nikamwangalia baba mdogo, kumbe na yeye anasubiri kuiona! Mama mkwe kashaleta beseni la kugonga. Kwenye dirisha la jiko namwona Minza kaziba mdomo na kanga, mabega yanatikisika.

Nikisema hatuna ngoma, nimekuwa mwongo, na mwongo hapewi binti wa watu. Nikasimama.

Kichwani nina maswali ya namba ya ule mtihani tu, basi. Nikaruka juu, nikapiga kelele: "Mbili!"

Mama mkwe kashikilia beseni, anatafuta mdundo.

"Nne!" Nikazunguka. "Nane!" Beseni likaanza kulia. "Kumi na sita!" Nikatikisa mabega. Kufika thelathini na mbili, shangazi yake Minza akadakia, "Sitini na nneee!" na kigelegele juu.

Weee! Uani kukawaka moto. Majirani wakaingia. Baba mdogo kavua koti. Mzee mwenyewe akainuka, akaanza kucheza ngoma yake ya nyoka huku ananizunguka. Mimi namba, yeye nyoka, vumbi mpaka kwenye paa. Nilipotaka kumwonyesha manjonjo ya mwisho nikakanyaga ndala yangu mwenyewe, nikaenda chini chali.

Walicheka jamani! Mzee alicheka mpaka akashika nguzo, machozi yanamtoka. Halafu akaja kuniinua kwa mkono wake.

"Chama chenu hakina ngoma," akasema. "Nilijua toka ile mbili. Lakini hukukimbia. Wabeja sana, mkwe wangu. Mambo ya ng'ombe nitaongea na Maduhu."

Kanishukuru kwa Kisukuma, halafu kaniita mkwe, wakuu! Mkwe! Nikasahau hata mgongo unauma.

Tumeshaoana. Minza yuko hapa pembeni anasoma ninavyoandika, anasema najipunguzia aibu, eti nilianguka mara mbili. Msimsikilize.

Nilichojifunza: cheo cha kujipachika usikipeleke ukweni kabla hujajua wenyeji watataka ukithibitishe vipi. Na wakishataka, usilete maelezo, cheza.

Kuhusu matumizi ya neno, mleta swali, Mwandoya wameshalipangia maana yake. Juzi shemeji kanipigia simu hajiwezi kwa kicheko. Kuna mzee kalewa harusini, kavamia ngoma, kajizungusha, kaenda chini puu. Umati mzima ukashangilia: "Jiniasi! Jiniasi!"

Haya, uwanja ni wenu. Ila anayetaka kunicheka aanze kutuambia yeye ukweni kwake alichezeshwa nini.