Ayeeyo Osob na Safari ya Mvua

Sahra hufundisha sayansi huko Masalani. Akiulizwa nani alimpa hamu ya kusoma, humtaja nyanyake, Ayeeyo Osob, ambaye hakujua kusoma hata jina lake.

Sahra alipokuwa mwanafunzi, walikuwa wakiishi Griftu. Siku moja Sahra aliazima shuleni kitabu cha watoto kuhusu sayari na hali ya hewa. Kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo kila alasiri alimsomea Ayeeyo huku akimtafsiria kwa Kisomali.

"Huko Mirihi kuna malisho?" Ayeeyo aliuliza.

"Hakuna, Ayeeyo. Ni vumbi jekundu tu."

"Basi ni kama hapa mwaka huu," akasema, akacheka mpaka kitambaa chake cha shashi kikamteleza kichwani.

Walipofika kwenye ukurasa wa mawingu, Ayeeyo alisogea karibu. Sahra akasoma jinsi mvuke unavyopanda kutoka baharini, unavyopoa, kisha unavyogeuka matone.

"Rudia," Ayeeyo akasema. Sahra akarudia. "Subhanallah! Nimeiomba mvua maisha yangu yote, kumbe hutoka mbali hivyo."

Jioni hiyo aliwasimulia akina mama majirani habari ya mvuke, akaongeza na mambo yake mwenyewe. Sahra hakumsahihisha. Kesho yake wale akina mama walikuja na mikeka, wakaketi, wakamwambia Sahra aanze ukurasa wa kwanza.

Wengi wao wamekwisha kufa, na Ayeeyo pia, Mungu awarehemu. Sahra husema hajapata tena darasa linalosikiliza namna ile.