Siku Niliyomwambia Maalim Asimame Vizuri

Hili nalisema uso nimeuinamisha, na mkitaka kucheka chekeni, maana mimi mwenyewe nshacheka na nshalia juu yake: kuna siku nilimwambia Maalim Zubeir, mtu aliyenifundisha kushika rula, asimame vizuri, mbele ya msikiti mzima, siku ya ndoa ya mjukuu wake. Na laiti ningeishia kusema. Nilimsukuma mgongo.

Mimi ni fundi cherehani, naitwa Kombo, duka langu liko Jang'ombe, chumba kimoja chenye dirisha moja, na nashona kanzu tu, tena kwenye kaba, lile tarizi la shingoni, nashona kwa mkono. Nilikuwa na kitu kimoja nikijitapia kupita kiasi, nacho ni daftari langu, kwa sababu kila mteja yumo humo, mabega yake, mikono, kifua, urefu, toka nilipofungua duka zaidi ya miaka thelathini nyuma, na kila anayekaa barazani kwangu nilikuwa nikimwambia kwamba kanzu ya Kombo hairudi dukani, ikishatoka imetoka. (Mke wangu, Bi Mwanakhamis, husema daftari lile nalipenda kuliko ninavyompenda yeye, nami hunyamaza, na najua kunyamaza si jibu zuri.)

Basi wiki tatu kabla ya harusi Maalim akaja dukani. Huyu alitusomesha hesabu, na skuli tukimwita Mnara kwa urefu wake, na mlangoni kwangu miaka yote alikuwa hapiti mpaka ainamishe kichwa. Siku ile alipita bila ya kuinamisha, nikaliona jambo hilo kwa macho yangu mawili, na nikaendelea kutia uzi kwenye sindano.

Alitaka kanzu mpya. Mwanawe, baba wa bibi harusi, alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo yeye babu ndiye walii, ndiye atakayeshikana mkono na bwana harusi na kumuozesha. Nikachukua utepe wa kupimia, nikamuona anatafuta ukuta wa kujishikiza.

"Mgongo tu huu," akasema. "Uzee."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo.

"Kaa, Maalim. Vipimo vyako nnavyo."

"Hunipimi?"

"Nnakujua kwa kichwa, Maalim. Kaa unywe kahawa."

Akakaa, akaonekana kapumua, na mimi nikajiona nimemheshimu mzee wangu. Nikafungua daftari, urefu inchi sitini, nikakata, nikashona, na kaba ile niliishughulikia mpaka macho yakauma. Siku ya kuichukua akamtuma mtu, kwa hiyo hakuijaribu dukani.

Siku ya ndoa, baada ya sala ya alasiri, tumejaa kwenye msikiti wa mtaani kwake, Mji Mkongwe, sheikh wa kufungisha ndoa keshakaa, haluwa imeshafika, na bwana harusi, kijana daktari anayesomesha chuoni Tunguu, kakaa na joho lake kama kamwagiwa maji baridi. Maalim akatokea. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango makusudi (nataka nini, nataka sifa), na kabla ya uso wake nikaiona kanzu yangu, mbele inafagia chini na nyuma imeishia juu ya visigino. Fundi akiona hivyo anajua maana yake, kitambaa kimekatwa upande. Na mnajua kwetu mwanamme kuburura kanzu si suala la mtindo tu, ni suala la dini, kanzu inatakiwa ikomee juu ya kifundo cha mguu, na huyu ni walii anaingia msikitini.

Alipotia mguu kizingitini akaikanyaga. Akaenda mbele, kofia ikamtoka ikabiringika, na lau si watu wawili waliokuwa pale kumdaka angelianguka chini kifudifudi. Hapo hapo ikaja sauti ya Bakari, fundi mwenzangu wa Ng'ambo, ambaye kaba zake zote ni za mashine, sisemi zaidi.

"Kombo, siku hizi unashona kwa kukisia?"

Jamani, ningelikuwa na akili ningesema ndiyo, nimekosea, nikaomba radhi, pindo likatiwa pini na haluwa ikaliwa. Lakini nilihisi miaka thelathini yote inafagiliwa na ile kanzu. Nikasimama, nikatoa utepe mfukoni (natembea nao, hata harusini, huo ni ugonjwa mwengine), nikasema kwa sauti ya kusikika kwamba utepe wangu haujawahi kukosea, na kwamba tutoke hapo behewani, kwenye ua wa msikiti, tupime, kila mtu aone. Na wakatoka. Walitoka wote, na simu zao, na sheikh nyuma yao anatazama saa.

Nikamshika Maalim begani, nikateremsha utepe kwa mbele mpaka juu ya kifundo. Hamsini na sita. Nikapima tena, hamsini na sita. Nikapima nyuma, hamsini na tisa.

"Daftari linasema ngapi?" Bakari akauliza.

"Sitini."

Mtu akacheka. Hapo nikasema lile neno. "Maalim, simama vizuri." Kisha nikatia kiganja mgongoni kwake, katikati ya mabega, nikasukuma ili anyooke.

Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na sindano. Akanigeukia kwa shida, na hakuwa na hasira, na nilitamani angelikuwa nayo.

"Ndivyo nnavyosimama, Kombo."

Mkumbuke kwamba neno hilo, simama vizuri, alikuwa akituambia sisi, mimi na Bakari na nusu ya watu waliokuwepo pale, kila asubuhi kabla ya somo. Hakuna aliyecheka tena. Na bwana harusi, ambaye hakutakiwa kufanya chochote siku ile zaidi ya kukubali ndoa, akaja mbio na joho lake, akaukamata mkono wangu.

"Ami, muachilie. Usimsukume." Kisha akamuuliza Maalim, pale pale, "Babu, mgongo umekuuma toka lini?"

"Toka nilipobeba ndoo ya maji ya mndimu wangu. Miezi minne. Ulilia kidogo, basi."

"Ulilia?"

"Ulitoa mlio."

Daktari akafumba macho kidogo. Akasema ndoa ifungwe, babu akae kitini, asiiname, na kesho asubuhi yeye mwenyewe atampeleka hospitali akapigwe picha. Mimi nikapiga magoti na sindano, nikapinda pindo la Maalim mbele ya watu wote, na kwa haraka yangu nikashona kanzu pamoja na kikoi chake cha ndani, kwa hiyo walii aliingia msikitini kwa hatua za bibi harusi anayetolewa nje, na hakuna aliyethubutu kumwambia sababu. Nilipofika nyumbani Bi Mwanakhamis alikuwa keshaiona video, maana wanawake kwa bibi harusi waliipata sisi hatujamaliza haluwa.

"Baba Rukia," akasema, "umemsukuma mzee yule?"

Sikula chakula.

Asubuhi Maalim akanipigia simu. "Nawe njoo hospitali," akasema. "Ukaone kosa ni lako au langu." Nikaenda kama ninayepelekwa mahkamani. Daktari, ambaye hajamaliza hata siku moja ya ubwana harusi, akaiweka picha kwenye taa, na mimi nikauona mgongo wa Maalim kutoka ubavuni, pingili moja juu ya nyengine, weupe wake hafifu kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Tatu zilikuwa zimebonyea. Na hazikubonyea sawasawa, mbele zimekwisha kabisa, nyuma zimebaki na kimo chake, kila moja imekuwa kabari.

Mimi mambo ya hospitali siyajui. Pindo nalijua. Mbele inchi nne, nyuma inchi moja. Niliitazama picha ile, nikasema, "Hivi hasa ndivyo kanzu ilivyokaa." Daktari akanitazama, akaitazama picha, akasema, "Naam, ami. Ndivyo hivyo." Sijapata kustaajabu namna ile maishani mwangu. Mzee wa watu anavunjika ndani kwa ndani, mwenyewe anaona uzee tu, mkewe anaona uzee, sote tunaona uzee, na kumbe mwili umeshakiandika kila kitu kwenye kitambaa, inchi kwa inchi, na aliyepewa kusoma ni mimi.

Daktari akatueleza polepole. Kwamba mfupa si kigogo kikavu, uko hai, kila siku unabomolewa na kujengwa, na umri ukienda wabomoaji wanawashinda wajenzi, mfupa unakuwa na matundu ndani na nje umebaki vile vile, na hauumi, ndiyo hatari yake, hauumi mpaka siku unapobonyea kwa ndoo ya maji au kwa chafya.

"Mimi nikidhani ni maradhi ya wanawake," Maalim akasema.

"Yanawapata wao zaidi, babu. Na wanaume yanawapata, ila nyinyi hamji."

Nikauliza nilichokuwa naogopa kuuliza, je, ningelisukuma zaidi? Daktari akasema, "Tumshukuru Mungu, ami. Na tushukuru hakuanguka pale mlangoni. Nyonga ikivunjika kwa umri wake, wengi hawainuki tena." Maalim akaandikiwa dawa, akaambiwa dagaa na maziwa, jua la asubuhi, kutembea kila siku, na ndoo mwiko. Zile pingili hazitarudi kimo chao, akaambiwa na hilo, ila zilizobaki zinaweza kulindwa.

Wiki ya pili Daktari akaja dukani kwangu kulitazama daftari. Tukakaa tukifunua, mimi nimefunika majina kwa kipande cha bafta, yeye anasoma urefu tu, na safu baada ya safu wateja wangu wa zamani walikuwa wanashuka. Huyu inchi moja, yule mbili. Akaniomba wanafunzi wake waje walisome, akasema katika kazi yao ya utafiti watu hutafuta vipimo vya miaka mingi namna hii wasivipate. Daftari langu, lenye madoa ya kahawa. Nilitaka kujitapa, Mungu ananijua, na mdomo nshaufungua, ndipo alipofika kwenye ukurasa wa Maalim akaweka kidole.

"Hapa pamefutwa nini?"

Nikakumbuka. Miaka sita nyuma nilimpima Maalim nikapata hamsini na nane na nusu. Nikaona utepe umechakaa, nikanunua mwengine, na yeye alishaondoka, basi nikaifuta namba ile nikaandika sitini, maana niliona aibu kumpunguza Maalim. Miaka sita mfupa ulinambia, nami nikaufuta kwa raba. Nilimwambia Daktari ukweli, naye akaandika hamsini na nane na nusu kwenye karatasi yake.

Maalim akaileta ile kanzu itengenezwe. Nikashika mkasi, akanizuia.

"Usikate. Pinda ndani."

"Maalim, urefu haurudi."

"Najua. Nilikuwa nao, sitaki utupwe kwenye vitambara vyako."

Nikapinda, mbele inchi nne, nyuma moja, na anaivaa kila Ijumaa akienda msikitini kwa miguu, na pindo lile kwa uzito wake linatulia vizuri kuliko kanzu yoyote niliyopata kushona.

Tangu hapo nimekula kiapo, simshonei mtu kwa kipimo cha zamani, hata awe amepimwa jana, hata awe nani, na mzee akitafuta ukuta nampeleka kwanza hospitali halafu ndio tuzungumze kanzu. Nimetia na safu mpya kwenye daftari, kimo cha mtu mwenyewe, na nikaona si haki nianze na wengine. Nikavua viatu, nikasimama kwenye fremu ya mlango pale penye alama ya kimo changu ya siku nilipofungua duka, Bi Mwanakhamis akapanda kigoda na utepe. Akasoma. Akapima tena, kisha akanisomea kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza.

Raba ilikuwa mezani. Nikaiandika namba kama ilivyo.