Uzito wa Roho ya Kuku

Enzi za Mwingereza, katika duka la Mhindu mmoja pale Kikatiti, dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda, alimbana kwa hoja mwinjilisti aliyekuwa amekumbatia kuku wa kitoweo.

"Kama roho ipo, ina uzito. Tumpime kuku, tumchinjie mizanini damu isipotee, kisha tumpime tena."

"Chinja, Bwana Dresa," akajibu mwinjilisti, akimkabidhi kuku. "Leo utaaibika mbele ya watu."

Mimi, mwanafunzi mpenda hesabu niliyetumwa chumvi dukani hapo, niliona jaribio limepangwa vizuri. Kisu kilipotolewa, mwenye duka, ambaye hakuwahi kula nyama, alifunika sahani ya mizani kwa viganja vyote viwili.

"Hapa hupimwa sukari na chumvi, mabwana."

"Ondoa mikono, Bwana. Hii ni sayansi."

"Basi anza kuchinja mikono yangu."

Hakuiondoa mpaka mwinjilisti alipokubali kumuuzia yule kuku akiwa hai.

Baadaye nilisoma fizikia hadi chuo kikuu, nisikute popote kipimo cha roho. Lakini kila nilipopita Kikatiti, nilimwona kuku yule nyuma ya duka akidonoa mtama. Alizidi kunenepa, nami sikuthubutu kuandika kwamba ni kwa sababu ya mtama peke yake.